Bio Haikusema Lolote Kuhusu Sungura

Rehema na Aline, siku ile ya keki yangu ya kuagwa mliniuliza ni nani aliyeandika vile vikaratasi vya njano vilivyobandikwa chini ya kila sabuni na kila krimu kwenye etajeri ya tatu, ile rafu yangu. Nilikuwa na keki mdomoni, nikawajibu kwa kupunga mkono. Sasa nimestaafu, keki imeisha, nawajibu kwa maandishi. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una kazi nyingine, nitawaambia mwishoni. Na msinicheke kwa herufi zangu. Shule niliisoma miaka minne tu, kule Buyenzi, Bujumbura, halafu mama akanitoa nikamsaidie sokoni, na mwalimu hakulia.

Nilipandishwa cheo mara ngapi, sitaandika, maana karatasi ingebaki nyeupe. Nitawaambia kazi yenyewe.

Siku ya kwanza nilikuja kufagia. Duka mnalijua, lile la bio, la vitu vilivyolimwa bila sumu, pale Koekelberg, ukisimama mlangoni unaiona basilika imekaa juu kama kuku mkubwa mwenye kofia ya kijani anayeatamia mtaa mzima. Mwenye duka alikuwa Madame Lutgarde, Mflamandi mrefu, nywele nyeupe kama kitunguu saumu, mwenye maneno machache, na hayo machache aliyaweka chini polepole kama mtu anayepanga mayai. Alinionyesha ndoo, akaenda nyuma kupokea karoti. Mimi nikatoa mfukoni chupa yangu niliyotoka nayo nyumbani: javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia. Mama alinifundisha kwamba sakafu ikiwa safi, lazima pua ijue. Nikamwaga. Sikumwaga kidogo.

Mteja wa kwanza akaingia, akanusa, akatoka nje kusoma jina la duka, akarudi.

"Madame, mmefungua bwawa la kuogelea?"

Wa pili alishika koo. Wa tatu alikuwa na mtoto mchanga, hakuingia kabisa. Nikajua hapa nimemaliza kazi kabla ya saa nne. Madame Lutgarde hakufoka. Alifungua madirisha yote, na baridi ile ya Februari ikaingia kama mgeni asiyebisha hodi, kisha akaniletea chupa nyingine.

"Zainabu, sisi tunasafisha kwa hii."

Nikanusa. "Siki? Madame, tunasafisha au tunatengeneza kachumbari?"

"Vyote viwili," akasema, akarudi kwenye karoti zake.

Hapo nikajua yule mama ana mzaha, ila anauficha kama watu wanavyowaficha wajukuu chokoleti.

Nilifagia muda mrefu. Kwenye etajeri ya sabuni nilifika kwa sababu ya tabia yangu mbaya. Sabuni mpya zikiletwa, siwezi kuzipanga kabla ya kujaribu. Ni ugonjwa wa nyumbani. Mama yangu aliuza sabuni za mche na mawese soko la Buyenzi, na hakuna aliyenunua kwake kabla hajamwona anajipaka mwenyewe, hapo hapo, mkononi. Muuzaji akikataa kujipaka, wanawake walimuuliza kwa sauti ili soko lote lisikie: "Kwani wewe unaogopa nini?" Basi nilikuwa nachora miraba kwa kalamu ya wino, mkono wa kushoto wa krimu, wa kulia wa sabuni, kila mraba na kitu chake, nasubiri siku mbili. Kikiwasha, namwambia Madame tukirudishe. Kisipowasha, nakisifu mpaka kiishe.

Maman Béa, yule mama wa Lubumbashi aliyekuwa kwenye kasha la malipo, alinicheka kila asubuhi.

"Ee Maman Zaina, ile mukono yako iko sawa ramani ya Congo! Apa Kasai, apa Katanga. Na hii nyekundu ni nini?"

"Hiyo deodoranti."

"Deodoranti ku mukono?"

"Kwapa limeshajaa."

Siku moja nilijaribu udongo wa kijani wa usoni. Mteja mmoja akaniita nimchagulie kabichi, kutoka kabichi tukaingia kwenye habari za mgongo wake, kutoka mgongo saa ya kufunga ikafika. Nikavaa koti, nikapanda metro kurudi nyumbani Molenbeek, na udongo umenikaukia usoni kama ukuta wa zamani. Mtoto mmoja alilia. Kijana mmoja mwenye simu masikioni alisimama akanipa kiti bila kuombwa, kisha akashuka kituo ambacho nina hakika hakikuwa chake. Sijawahi kuachiwa kiti haraka vile, hata nilipokuwa na mimba ya mapacha.

Baada ya hapo Madame Lutgarde alinipa kioo cha kukuzia maandishi, kile chenye kamba ya bluu ambacho mlikuwa mnadhani ni mkufu wangu.

"Mkono wako ni hodari," alisema, "lakini haujui kusoma."

Akanifundisha. Kila Jumanne mchana, duka likiwa tupu, tulikaa juu ya masanduku ya viazi, mimi na kidole changu, yeye na kahawa yake. Nawapa ninyi sasa yale aliyonipa, msiyapoteze. Orodha ya vilivyomo inaanza na kilicho kingi, inaishia na kilicho kidogo. Mbele ya boksi wakiandika ARGANI, yale mafuta ya bei ghali, kwa herufi kubwa kama jina la mgombea, halafu nyuma argani iko mkiani, jueni ilipita tu kusalimia. Lile jani lenye nyota za Ulaya ni alama ya bio ya chakula. Kwenye krimu na sabuni utakuta alama nyingine za bio, kila moja na wenyewe, kila moja na kitabu chake cha masharti. Usiseme "alama ya bio" kama vile iko moja. Uliza ipi.

Nilisoma polepole. Foleni ilisoma pamoja nami. Kuna wateja walikuja kununua dawa ya meno wakaondoka wanajua majina ya mimea kumi kwa Kilatini.

Kesi ngumu zilianzia hapo. Dada zangu wa Molenbeek walianza kupanda huku juu, kwa sababu walisikia kuna Muislamu mwenzao kwenye duka la wazungu wa karoti. Walikuja wanne wanne.

"Maman Zaina, hii imeandikwa bio. Basi ni halali?"

"Nani kakwambia?" Nilikuwa nasimama katikati ya njia, mkono kiunoni. "Nguruwe akila majani safi na akilala pazuri, naye ni bio! Bio ni bio, halali ni halali. Kila alama ina kazi yake!"

"Allah! Nguruwe wa bio?"

"Tena yuko pale kwenye friji, ukitaka nikakutambulishe."

Walicheka, walinunua, walirudi. Nilijiona mwanachuoni. Madame Lutgarde mwenyewe alikuwa akiwaleta wateja wenye maswali, anasema, "Muulizeni Zainabu."

Na kulikuwa na mademoiselle mmoja wa baiskeli, helmeti haijawahi kuvuliwa, mwembamba kama ufito. Huyo swali lake lilikuwa moja. Kila akishika chupa mpya anauliza: "Madame, hii haikujaribiwa kwa wanyama?"

"Mais non, ma fille! Hapana, binti yangu! Ni bio!"

Nilisema kwa nguvu hata akarudi nyuma hatua moja. Nilisema hivyo miaka mingi, si kwake tu, kwa kila aliyeuliza. Bio, donc basi hakuna mnyama aliyeguswa. Kwangu ilikuwa wazi kama mchana. Mtu anayemhurumia mdudu wa kabichi, asimpulizie sumu, atamtia sungura krimu machoni aone kama inawasha? Na kila niliposema, nyuma ya karoti, Madame Lutgarde alikohoa. Nilidhani ni vumbi.

Mara moja tu alisema. "Zainabu, bio ni habari za maua ya lavenda. Sio habari za sungura."

"Ndiyo, Madame," nikajibu, kama unavyomjibu mtu anayekwambia uvae skafu.

Sasa namleta Shakila.

Shakila ni mtoto wa binti yangu. Kama hamumjui basi hamkunisikiliza hata siku moja kazini, maana sikuwa na habari nyingine. Wakati ule alikuwa na miaka tisa. Anasoma kama redio, Kifaransa bila kukwaa, Kiflamandi anakielewa hata kikisemwa na mtu mwenye chakula mdomoni. Darasani kwao walikuwa na sungura, jina lake Gaufre, yaani ile keki ya miraba inayouzwa barabarani, kwa sababu alikuwa na rangi hiyo hiyo. Na mwalimu wao, Madame Sofie, alitangaza hivi: kila mtoto atasimama mbele ya wenzake aeleze kazi ya mtu wa nyumbani kwao, halafu darasa lipige kura. Atakayeshinda atamchukua Gaufre nyumbani likizo nzima ya Pasaka.

Shakila alimtaka yule sungura kuliko alivyotaka kula. Alishamtengenezea sanduku lenye pazia, akaliweka kwangu. Na kazi aliyochagua ni ya nani? Si ya baba yake anayeendesha basi. Yangu. Bango lake liliandikwa kwa rangi: BIBI YANGU ANALINDA WANYAMA. Nami nilialikwa nije na krimu zangu, Alhamisi.

Nilituma sauti WhatsApp kwa Buyenzi nzima. Dada yangu Asha akajibu: "Wewe unakwenda kufundisha shule ya Ulaya? Wewe uliyetoroka kupitia dirisha la choo?"

"Ndiyo mimi. Na safari hii naingilia mlangoni."

Jumanne, siku mbili kabla, Shakila akaja dukani baada ya masomo, akatupa mkoba juu ya masanduku.

"Bibi, Bilal anasema ni uongo."

"Bilal ni nani huyo?"

"Bilal wa darasani. Anasema mama yake alikuja hapa ukamwambia bio si halali. Ukamwambia kila alama ina kazi yake. Sasa anauliza, kwa nini kwa sungura alama moja ina kazi mbili?"

Maman Béa aliacha kupiga mashine katikati ya vitunguu vya mtu.

"Uyu mutoto atakuwa avocat, wakili mukubwa," akasema.

Nilifungua mdomo niseme mais non. Badala yake nikaanza kunyoosha sabuni zilizokwishanyooka.

"Bibi, ni kweli au si kweli?" Shakila alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. "Nimeshawaambia wote. Nimesema Bibi kasema."

Nikashika kioo changu cha kamba ya bluu. Tukashusha krimu, sabuni, shampuu, moja moja, juu ya masanduku ya viazi, mimi kwa kidole, yeye kwa macho yake makali. Ya kwanza ilikuwa na alama ya bio, na maelezo marefu jinsi lavenda ilivyolelewa mlimani bila sumu, kana kwamba wanatafutia binti mchumba. Kuhusu wanyama, kimya. Ya pili bio, kimya. Ya tatu ilikuwa na bio na pia alama ya sungura, ya kusema haikujaribiwa kwa wanyama. Ya nne ilikuwa na sungura bila bio, nami miaka yote nilidhani ni pambo. Ya tano haikuwa na chochote, ila ua zuri. Boksi moja liliandika waziwazi kwamba masharti ya alama yake ya bio yanakataza kujaribu kwa wanyama. Moja, katika etajeri nzima niliyoiapia miaka yote.

Nikamgeukia Madame Lutgarde.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakohoa," akasema.

Shakila hakulia. Afadhali angelia. Alikunja mikono akauliza, "Sasa Alhamisi nitasema nini?"

Kwetu sokoni, ukiwa na shaka na sabuni, huiulizi karatasi iliyoifunga. Unakwenda kwa aliyeichemsha. Jumatano mchana shule zimefungwa, mnajua, basi Shakila akaja tena, nikaomba simu ya ofisi, nikavaa miwani, kioo kikining'inia shingoni, na tukaanza kuwapigia waliochemsha. Mimi nasema, yeye anaandika jibu kwenye kikaratasi cha njano. Ndivyo vilivyoanza hivyo vikaratasi.

Wa kwanza alikuwa bibie mwenye sauti ya asali.

"Madame, bidhaa yetu ina hati ya bio."

"Sikuuliza lavenda ililelewaje. Nimeuliza sungura."

"Madame, Ulaya sheria inakataza kujaribu vipodozi kwa wanyama."

"Kwa wote? Hata wasio bio?"

"Kwa wote, Madame."

"Basi mbona miaka yote nawapa ninyi sifa za sheria?" Nikaendelea: "Na hao wanaowauzieni manukato ya kutia ndani? Na nchi za mbali mnakouza? Huko nako mmeuliza?"

Akasema "euh". Akasema ananipeleka kwa mwenzake. Ukaja muziki wa kumngojeshea mtu kwenye simu. Vinanda, vinanda, vinanda. Nilipanga dengu zote nikiwa na muziki ule sikioni. Mwenzake hakutokea. Shakila akauliza aandike nini.

"Andika ukweli. Wamenipa muziki."

Wa pili alijibu kama mtu mwenye akili: yeye na wanaomuuzia wamesaini karatasi, hakuna mnyama, na ile alama ya sungura ina watu wanaokuja kukagua. Akanitumia karatasi hiyo. Tukaandika: Nimeuliza, wamesema hapana, wameonyesha.

Wa tatu ni yule mzee wa Laeken anayechemsha sabuni kwenye gereji. Alipokea mwenyewe, maji yanachemka nyuma yake.

"Monsieur, unajaribu sabuni yako kwa nani?"

"Kwanza kwangu. Halafu kwa mama mkwe wangu."

"Na yeye anakubali?"

Akateremsha sauti. "Hajui."

Shakila aliangusha kalamu. Mimi niliuma kitambaa cha tabliye, ile aproni ya kazi. Maman Béa, ambaye kasha la malipo alishaliacha peke yake, alikuwa amekaa chini kabisa kati ya maboga, anajifuta macho.

Alhamisi nikavaa kitenge changu cha harusi na nikaenda. Watoto ishirini na kitu, sungura kwenye kibanda anatafuna, Bilal kiti cha mbele, mkono umeshanyooka kabla sijafungua mdomo. Shakila akatundika bango. Alikuwa hajafuta kitu. Chini ya BIBI YANGU ANALINDA WANYAMA aliongeza neno moja, jekundu: LABDA.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yakakimbia yote. Nikasema:

"Watoto, mimi nimekosea miaka mingi. Nilikuwa nawaambia watu bio maana yake hakuna mnyama aliyejaribiwa. Bio inasema mmea ulilelewaje. Baadhi ya alama zake zinasema na habari za wanyama, nyingi sikuzisoma. Sungura ana alama yake. Sheria nayo iko, na inawalinda hata wanyama wa krimu isiyo bio. Mjukuu wangu hakudanganya. Alinukuu mtu aliyedhani anajua. Huyo mtu ni mimi."

Kisha msichana mmoja akauliza, "Sasa wewe Madame unajaribu kwa nani?"

Nikakunja mkono wa kitenge. Miraba yote ilikuwepo, na ya wiki ile ilikuwa mingi.

"Huyu hapa mnyama wangu."

Kelele! Walipanga mstari kunusa. Mmoja alinusa limao, mmoja alinusa asali, mmoja alinusa kiwiko akasema kinanuka bibi. Madame Sofie aliuliza kama ule mwekundu unauma. Nikamwambia ni deodoranti tu. Bilal alinusa miraba yote, mmoja mmoja, kama mtu wa forodha.

Halafu wakapiga kura. Gaufre akaenda kwa Bilal, aliyekuwa ameeleza kazi ya mjomba wake ya kuziba mabomba. Na ilikuwa haki yake. Swali lake lilizidi jibu langu.

Tulirudi kwa miguu. Shakila amebeba bango, ananitangulia hatua tatu. Nilimpa embe kavu, akalishika tu. Pale kwenye duka la kuku wa kuchoma, wale wanaozunguka kwenye kioo, nikashindwa.

"Bon. Umekasirika kwa ajili ya sungura. Nitakununulia sungura."

"Sikukasirika kwa ajili ya sungura."

"Kwa ajili ya nini basi?"

"Uliniambia kama mtu aliyeuliza. Na hukuuliza."

Rehema, Aline, wallahi, nimewahi kuungua, nimewahi kuzaa mapacha, nimewahi kupanda lori siku tatu nikikimbia vita. Hilo neno liliingia mahali pengine. Kwetu bibi hamuombi msamaha mtoto wa miaka tisa, mtaa wote ungetoka kutazama. Nikamwomba. Nikasema, nisamehe, kuanzia leo nikikwambia kitu, ama nimeuliza, ama nitasema sijauliza. Hata wale kuku nadhani waliacha kuzunguka.

Akala embe. Kisha akasema, "Wale wa muziki. Kesho tuwapigie tena."

Jumamosi mlango ukagongwa. Mama yake Bilal, kibanda mkononi, mtandio umekwenda upande.

"Maman Zaina, kwa jina la Mungu, mchukueni huyu! Amekula waya wa televisheni. Mume wangu amekosa mpira, amekaa sebuleni anatazama ukuta!"

Shakila hakungoja nijibu. Pazia la sanduku lilishafunguliwa. Likizo nzima Gaufre alikaa kwetu, akala kona ya mkeka, akala tasbihi ya mbao mpaka punje ya kumi na moja, na siku moja nikamkuta na boksi tupu la krimu: amelitafuna ile sehemu ya alama ya bio tu, ameacha kila kitu kingine. Nikampigia Madame Lutgarde kumwambia. Alikohoa kwa muda mrefu.

Yule wa baiskeli nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, wiki iliyofuata. Nikasema, ma fille, nilikudanganya miaka yote, sikujua. Akavua helmeti. Mara ya kwanza kuona nywele zake.

"Nilijua tangu zamani," akasema. "Lakini ulivyokuwa unasema kwa ukali, nilikuwa naogopa kukubishia."

"Sasa ulikuwa unaniuliza kwa nini kila mara?"

"Nilikuwa nangoja siku utakayojibu vingine."

Basi hivyo ndivyo vikaratasi, na kazi yake nawaachia. Viko vya aina tatu: Nimeuliza wameonyesha, Wamenipa muziki, Sijauliza bado. Msione haya kuandika hicho cha tatu, ndicho wateja wanachokiamini kuliko vyote. Kila mwaka pigeni tena, maana makampuni yanauzwa na kununuliwa, na aliyekuwa na sungura mwaka jana anaweza kuwa hana. Andikeni jina la aliyewajibu. Msiandike mnachodhani. Yule mzee wa Laeken bado anachemsha, mama mkwe wake bado yu hai, nimemwona, ngozi yake kama ya msichana, na bado hajui. Msimwambie.

Na kikapu mlichonipa siku ya kuagwa, asanteni. Krimu nane, zote za etajeri yangu mwenyewe, moja imepitwa na wakati, najua kwa sababu ni mimi niliyeificha nyuma. Leo asubuhi Shakila alikuja. Ana miaka kumi na miwili sasa, ananizidi urefu. Akavaa kioo changu cha kamba ya bluu, akazisoma zote, akainua moja, ya waridi, iliyoletwa dukani wiki ile ile ya kuagwa kwangu.

"Bibi, hii umeuliza?"

"Shakila, nimestaafu."

Alinipa simu, akanipa na kikaratasi cha njano, akaenda shule.

Ndiyo maana naandika kwa mkono mmoja. Wa kushoto umeshika simu tangu ukurasa wa kwanza. Vinanda ni vile vile, nadhani wana kanda moja Ulaya nzima. Nimeshakunywa chai, nimeshatikisa mabega kidogo, nimeshawaandikia maisha yangu yote ya kazi. Sasa ngojeni, muziki umekatika.

Allo? Ndiyo, Madame, bado nipo. Hapana, Madame. Sikuuliza waridi.